Kuku wa Idi ya Mama

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji ya moto haipendwi na watu wengi. Ni nzito, ina unyevu ndani yake, na hubaki kwenye vidole hata baada ya kunawa. Mimi nikiisikia, popote nilipo, mabega huanza kuniuma. Ni harufu ya nyumba yetu ya Titye mwezi wa kumi na mbili, mvua ikiwa imeulainisha udongo mwekundu wa uani mpaka unazing'ang'ania kandambili za mtu na kuzibakiza nyuma yake, maharage yakiwa yametandaa hadi ukutani, na mawese yakichemka katika sufuria nyeusi ya mama.

Mama alitoka katika familia ya Kikristo iliyokimbia Burundi zamani na baadaye ikapata uraia. Baba alikuwa Mwislamu, mchuuzi wa dagaa na chumvi kutoka Ujiji. Majirani walisema fahali wawili hawakai zizi moja, wakakaa kusubiri zizi livunjike. Halikuvunjika. Nyumbani kwetu kulikuwa na sikukuu tatu na zote ziliitwa Idi: Idi ndogo na Idi kubwa zilikuwa za baba, na Krismasi ilikuwa Idi ya mama. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba kuku wa Idi ya mama achinjwe na baba, ili sinia liwe moja. Baba alipofariki, mdogo wangu Mariamu akiwa bado ananyonya, mama aliendelea kumpeleka kuku kwa mzee Sudi, muadhini wa msikiti wa bondeni, ili ndugu wa baba wakija wapate kula. Mara nyingi hawakuja. Kuku alichinjwa hivyo hivyo. Na kila mwaka, kabla ya kuku kupelekwa bondeni, mama alimwonyesha Mariamu kwa kidole upande wa mpera wa uani. "Baba yako alikuwa anaelekea kule," alimwambia, kisha akaendelea kumenya ndizi.

Mama naye akaondoka, kwa homa iliyoanza kama mchezo wakati wa kuvuna mahindi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, Mariamu minne. Niliacha shule darasa la sita, nikaanza kulima vibarua. Siku ya arobaini, baba mkubwa Ramadhani, kaka yake baba, mwenye duka la vitambaa Kasulu mjini, alisema mbele ya watu wote, "Mtoto halelewi na mtoto. Mariamu nitakuja kumchukua siku ya Krismasi, mjini biashara inapolala." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na mke, na nyumba ya bati, na shule iko hatua chache kutoka mlangoni kwake. Watu walinipongeza, wakaniambia nitapumua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa na Mariamu tu, ambaye alikuwa halali mpaka alishike sikio langu.

Siku chache kabla ya Krismasi Mariamu aliniuliza, "Dada, mama hayupo. Idi yake itakuja?" Nikamwambia itakuja. Ukishamwambia mtoto neno kama hilo, umelibeba. Tulikuwa na kuku mmoja wa kijivu aliyebaki baada ya kideri kuua wengine, na siku iliyotangulia Krismasi nilimtia kwapani, Mariamu akashika kanga yangu, tukateremka kwenda kwa mzee Sudi. Njia nzima Mariamu aliimba takbira, kwa sababu kwake Idi ni Idi. Vijana waliokuwa kwenye banda la baiskeli wakacheka.

"We Zaina, leo tunaswali au tunakwenda misa?" mmoja akauliza.

"Nyie hata kumoja hamwendi," nikamjibu.

"Haya, lete kuku nikuchinjie mimi. Kwani kuku ana dini?"

"Kuku hana. Anayemla anayo."

Mzee Sudi hakuwepo. Alikuwa amekwenda msibani Nyakitonto, asingerudi kabla ya siku tatu. Tukapanda kilima na kuku wetu mzima, Mariamu hakuimba tena. Nyumbani tulimkuta bibi, mama yake mama, amekwishafika kwa sikukuu. Alimtazama kuku, akanitazama mimi, kisha akavuta kisu kutoka kwenye nyasi za paa na kukiweka kwenye kinu. "Mchinje mwenyewe," akasema. "Ramadhani akiuliza, sema ni mzee Sudi. Atajuaje?" Nilikaa nikikitazama kile kisu. Ilikuwa rahisi sana. Baba mkubwa angefika akute chakula mezani, mtoto ameshiba, nyumba imetulia, na pengine moyo wake ungelegea. Lakini nilimsikia mama akisema alivyozoea kusema, kwamba mgeni hadanganywi tumboni. Nikakirudisha kisu mahali pake. Bibi akaguna. "Ihangane, mwana wanje," akasema, kwa lugha ya kwao, neno tunaloambiana penye msiba, vumilia. "Una kichwa cha mama yako."

Krismasi tulikwenda kanisani asubuhi, tukarudi. Nilimfunga kuku mguu kwenye nguzo ya mlango. Nilichemsha maji, yakapoa, nikayachemsha tena. Mariamu alikunywa uji, akaomba nyama, nikamwambia tunamsubiri baba mkubwa aje amchinje kuku. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa langu. Atafika amkute mtoto ana njaa siku ya sikukuu, na jambo alilolisema siku ya arobaini litakuwa limejithibitisha lenyewe.

Alifika saa nane kwa baiskeli, suruali imerukiwa tope hadi magotini, na mfuko begani. Katika mfuko mlikuwa na gauni jipya na viatu vyekundu vya safari. Alimvalisha Mariamu viatu kabla hata hajaketi. Kisha akatazama jikoni.

"Zaina, saa nane hii. Mtoto hajala?"

"Amekunywa uji, baba mkubwa."

"Na kuku huyu ni pambo la mlango?"

Mariamu ndiye aliyejibu, huku akivitazama viatu vyake. "Dada amesema tukusubiri wewe. Bibi alisema tukudanganye, dada akakataa." Bibi aligeuka kuukoleza moto, ambao haukuhitaji kukolezwa.

Baba mkubwa alisogea pale alipofungwa kuku. Kisha akaomba kisu. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, akatikisa kichwa. "Kisu butu hiki. Mlitaka kiumbe wa Mungu ateseke?" Alichutama kwenye jiwe la mlangoni akakinoa, polepole, kama mtu asiyetaka kumaliza. Alipomlaza kuku chini aliinua macho kuangalia jua, lakini mawingu yalikuwa yamefunga. "Kibla kiko wapi hapa?" akauliza, hakumwuliza mtu yeyote hasa. Mariamu akanyoosha mkono kuelekea kwenye mpera. "Kule. Baba alikuwa anaelekea kule."

Sijasahau alivyomtazama. Alikuwa amekuja, ingawa hilo hakulisema siku ya arobaini, kumtoa mtoto wa ndugu yake katika nyumba ya Kikristo asije akapotea, na mtoto ndiye anayemwonyesha kibla. Alisema bismillahi, akachinja. Tulikula pamoja alasiri ile, sinia moja, mkono wa bibi na mkono wa baba mkubwa ikikutana kwenye mchuzi wa mawese. Bibi alisali sala yake, yeye akasubiri kofia ikiwa gotini. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakati wa kuondoka alikunja mfuko mtupu, akaufunga kwenye baiskeli. Viatu akaviacha. "Basi, Zaina," akasema bila kunitazama, "atabaki mpaka Idi."

Nilidhani nimeshinda. Sikujua kwamba nimepewa mkopo wa muda. Idi ilipofika alikuja na pilau ya mke wake na kanga yangu, akakagua nywele za Mariamu, kucha, daftari la chekechea, akasema, "Haya, mpaka Krismasi." Krismasi akasema mpaka Idi. Tuliishi hivyo miaka kumi. Watoto wenzangu walikimbilia kilimani kuutazama mwezi mwandamo kwa furaha. Mimi nilikuwa nikiutazama nikihesabu kama Mariamu ana gauni lisilo na kiraka, kama amekonda, kama ameshika sura mpya za Kurani alizofundishwa chuoni na nyimbo za kwaya ya bibi. Yatima hadeki, na dada wa yatima hapumziki. Siku hizo sikukuu kwangu zilikuwa mitihani, mimi ambaye sikuufikia mtihani wa darasa la saba.

Mwishowe Mariamu alikwenda Kasulu kwa miguu yake mwenyewe, kusoma sekondari, na hakuna aliyemchukua kutoka kwangu. Ameolewa huko, ana binti wa miaka minne. Mimi naishi Kibondo, napikia watu chakula kando ya barabara ya kwenda Nduta, na Krismasi wote huja kwangu. Sokoni wanauza kuku waliokwishanyonyolewa, weupe, hawana harufu, na majirani hunishangaa. Mimi bado namfunga kuku mlangoni na kusubiri. Baba mkubwa amezeeka, mikono inamtetemeka. Yeye hunoa kisu, mume wa Mariamu huchinja. Mwaka jana baba mkubwa hata hakuwahi kuuliza kibla. Mjukuu, yule binti wa Mariamu, alikwishanyoosha mkono kuelekea tangi la maji.

Jioni ile walianza kupanda gari. Baba mkubwa alinipungia mkono dirishani akasema, kama anavyosema siku zote, "Basi, Zaina, mpaka Idi." Kwake ni kwaheri tu sasa. Mimi nilisimama pale, vidole vikinuka manyoya, mpaka niliposikia sauti ya Mariamu, taratibu, karibu na sikio langu.

"Dada, mwachie mtoto mkono. Tunakwenda nyumbani tu."