Mchicha Usio na Mdudu

Usiku ule nililala nikijua hakuna tena cha kunishangaza duniani. Shule niliacha darasa la nne, nikafyatua matofali kwa mikono hii, nikajenga nyumba ya vyumba sita, na uani nikalima bustani ambayo majirani huichungulia juu ya ukuta. Masika yale miche yangu ya mchicha ilikuwa imeota vizuri, imesongamana, haina jani lenye tundu. Muuzaji wa dawa ya wadudu aliniambia nitie kifuniko kimoja kwenye bomba la kunyunyizia, tusile kwa wiki mbili. Wiki ile nikatia vitatu. Mke wangu Mwanaidi sikumwambia. Bustani ni yangu.

Basi nikamwona mama, aliyefariki miaka mingi. Ameinama kwenye tuta, kanga kiunoni, anapunguza miche kama zamani: anang'oa iliyobanana, anaikusanya akaipike.

Nikajitapa, "Mama, umeona? Hata panzi hatui hapa!"

Hakugeuka. Anang'oa tu. Tuta linarefuka, linaingia sebuleni, linapita chini ya kitanda changu. Nikatega sikio. Hakuna nyuki, hakuna chura, na ni masika.

"Sisimizi wako wapi, mwanangu?"

Nikatazama chini. Udongo ni mweusi kwa sisimizi, wote chali.

Mara tumeketi mkekani, mimi, Mwanaidi na watoto, na mama anatugawia sahani za mchicha. Ya kwake ameifunika kifudifudi.

"Mimi nimeshakufa," akasema, "na hiki sikili."

Nikaamka. Nyumba inanukia nazi. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Mwanaidi yuko jikoni anapika daku. Nikamfuata.

"Umepika nini?"

"Mchicha. Jana jioni nimeipunguza ile miche yako. Wewe kupunguza hujui, unajua kuisifu tu."

Nikaipiga sufuria teke, ikamwagika yote.

"Baba Zuhura! Umerukwa na akili?"

"Kuna aliyeonja?"

"Aonje nani? Ndiyo kwanza nataka kuonja chumvi."

Nikamweleza vile vifuniko vitatu. Akautazama mwiko mkononi mwake, kisha akaniuliza polepole, "Ulikuwa unangoja nini kuniambia?"



Kulipokucha niling'oa tuta zima, nikachimba shimo refu, nikafukia na sufuria humo humo. Mbegu, dawa na sufuria: shilingi elfu thelathini na nne na mia tano. Basi.