Uzi wa Mwisho wa Mama Mdogo Yeon-su

Mama mdogo Yeon-su anafundisha watoto piano katika chumba kilicho juu ya duka la kuku wa kukaanga, hapa Daegu, Korea, na nguo zake zote zinanuka mafuta. Watoto wenyewe hawampi raha. Kuna mmoja anapiga piano kwa viwiko. Lakini akirudi nyumbani na kuvua soksi, anaketi sakafuni karibu na cherehani ya Bibi na kuwaandikia muziki watu wa okestra nzima kwa penseli moja. Mimi hukaa hapo hapo nikimchokonoa kwa maswali mpaka aseme, "Wewe mtoto, shule hawakukupa kazi?"

Nilitaka kujua kila kitu. Anaisikiaje tarumbeta wakati chumbani kuna cherehani tu? Na kimya anakiandikaje? Kumbe kimya nacho kina alama yake, na mama mdogo anakichora taratibu kuliko alama zote.

Mwaka jana Okestra ya Biseul ilichagua watunzi chipukizi watatu. Iliwalipa watunge utungo mpya kila mmoja, ikampa kila mmoja mwalimu wa kumlea. Tungo zote tatu zingejaribiwa mbele ya mwongozaji wa okestra, halafu mmoja tu ungepanda jukwaa kubwa kwenye tamasha la majira ya kuchipua. Mama mdogo alikuwa mmoja wa hao watatu, na ilikuwa nafasi yake ya mwisho, kwa sababu mwaka huu umri wake umepita ule wanaouita chipukizi.

Bibi anauza mablanketi soko la Seomun. Siku hiyo hiyo soko zima lilijua.

"Mwanangu atapigwa jukwaa kubwa!"

"Atapigwa kwa kosa gani?" aliuliza jirani anayeuza mandu, vile vitumbua vya unga vyenye nyama ndani.

"Muziki wake, we mpumbavu! Lete mandu, usiniharibie siku."

Utungo uliitwa "Uzi wa Mwisho". Ulianza kwa kelele za cherehani zote za soko, ukapita huku na huku, na mwishoni fidla zilipungua, zikapungua, mpaka ikabaki sauti moja nyembamba kama uzi. Kisha kimya. Ni pale Bibi anapoondoa mguu kwenye cherehani na kunyoosha mkono kuchukua mkasi. Mama mdogo alinipigia mwisho huo kwenye piano, nikasimama na vijiti vya kulia mkononi, tambi zikipoa.

Mlezi wake alikuwa Mwalimu Maeng, mzee mwenye nywele nyeusi za kupaka na chupa ya chai ya ginseng isiyotoka kwapani. Walikutana kwenye mkahawa, nami nilikwenda kwa sababu Mwalimu hununua keki.

"Filimbi nyingi mno," alisema mara ya kwanza. "Punguza."

"Ndiyo, Mwalimu."

Walipokutana tena alifunua karatasi, akakunja uso. "Mbona pamekauka hapa? Filimbi ziko wapi?"

"Nitazirudisha, Mwalimu. Asante, Mwalimu."

Nilipaliwa na keki. Tulipotoka nje nikamuuliza, "Si yeye aliyesema zipungue?"

"Ni yeye."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Mtu hamwambii mwalimu wake kwamba amesahau."

"Kwa nini?"

"Kula keki yako."

Ikawa hivyo miezi yote. Ngoma iingie, ngoma itoke. Mwisho ule wa kimya ndio uliomkera Mwalimu kuliko vyote. "Watu hawapigii kimya makofi," alisema. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila nadhani Mwalimu Maeng hakuwasikia. Hapo tu ndipo mama mdogo aling'ang'ania, na hata hapo hakusema hapana. Alisema, "Nitalifikiria, Mwalimu," kisha hakubadili kitu.

Siku moja kabla ya majaribio, Mwalimu akapiga simu. "Ongeza tarumbeta katikati. Kidogo tu. Pale katikati watu watasinzia."

Kidogo tu! Nota za kila mpigaji zilikuwa zimeshachapwa na kuunganishwa kwa gundi. Mama mdogo alikaa kitako, akatazama simu kana kwamba imemng'ata, kisha akawasha printa.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo sikulijua. Wapiga fidla hukaa wawili wawili kwenye stendi moja ya nota. Ukurasa ukiisha, mmoja huacha kupiga ili afunue, mwenzake akiendelea. Mtunzi mwenye akili hupanga ukurasa uishe pale fidla zinapopumzika, na mama mdogo alikuwa amepanga hivyo kwa wiki nzima. Tarumbeta zile za "kidogo tu" zikasukuma kila kitu mbele. Alirekebisha kurasa za mwanzo, akarekebisha za katikati, na kabla hajafikia za mwisho usingizi ukamchukua kichwa kikiwa juu ya printa. Asubuhi akakusanya zilizochapwa, akakimbia. Nota za zamani alizitia kwenye mfuko wa blanketi wa Bibi, "huenda zikahitajika".

Ukumbini niliketi nyuma yake, mfuko ukiwa mapajani mwangu. Mwalimu Maeng alikaa mbele na chupa yake. Cherehani za soko zikaanza, nami nikasahau kupumua! Sikujua watu wanaweza kufanana na soko hivyo. Tarumbeta zikaja, zikapita kama lori kwenye barabara isiyo yake. Kisha fidla zikaanza kupungua, zikapungua, uzi ukabaki...

Chakacha! Nusu ya wapiga fidla waliacha kupiga na kufunua karatasi kwa pamoja, kama kundi la njiwa lililotupiwa jiwe. Uzi ukakatika. Mtu wa tarumbeta akacheka.

Mwongozaji, Bwana Gil, akashusha fimbo yake. "Nani kapanga ukurasa uishe hapa?"

Mama mdogo akasimama. "Ni mimi. Samahani sana." Akainama mpaka nywele zikagusa kiti cha mbele.

Mwalimu Maeng akatikisa kichwa polepole, kama baba mwenye huruma.

"Sema!" nikamnong'oneza. "Nota za zamani hizi hapa! Wapige mwisho tu!"

"Nyamaza."

"Mwambie alikupigia simu jana!"

"Akiwa amekaa pale? Mbele ya watu wote?"

"Basi usimtaje! Omba tu warudie!"

"Nikitoa hizo zisizo na tarumbeta, kila mtu atajua nani aliharibu."

Niliona mkono wake ukija kwenye mfuko. Ukashika kitambaa. Ukakaa hapo. Bwana Gil alikuwa bado anamtazama, nadhani alikuwa akingoja neno. Kisha msimamizi akatangaza muda umekwisha, wapigaji wakainuka wote kwenda kunywa kahawa, maana mapumziko yao hayamngoji mtu. Mkono ukaachia.

Waliporudi wakapiga utungo wa kijana Ban, mmoja wa wale watatu, ambao uliisha kwa tarumbeta na ngoma zote. Huo ndio uliochaguliwa.

"Umeona?" Mwalimu alimwambia mama mdogo mlangoni. "Tarumbeta."

"Asante kwa kunilea, Mwalimu."

Nilitaka kumrushia Mwalimu ule mfuko.

Juzi simu ililia tukiwa tunakula. Mwalimu Maeng ameanzisha mpango wake mwenyewe wa kulea watunzi. Hauangalii umri, na mwishoni kuna okestra. Amemwekea mama mdogo nafasi. Bibi aliacha kutafuna. Mama mdogo alisimama, simu sikioni, akasikiliza muda mrefu.

"Asante sana, Mwalimu," akasema. "Hapana, Mwalimu."

Kijiko cha Bibi kikaanguka kwenye bakuli la kabichi ya kimchi.

"Hapana, sitalifikiria. Hapana, Mwalimu. Uwe na afya njema, Mwalimu."

Akakata simu.

"Umemkataa mwalimu wako!" Bibi alifoka. "Na okestra utaitoa wapi, mwanangu? Dukani kwa kuku?"

"Sijui, Mama."

"Na sokoni wakiniuliza?"

"Sijui, Mama."

Mimi nilikuwa nikitazama mgongo wake. Muda wote aliosema hapana alikuwa akiinama, chini kabisa, mbele ya jokofu letu, na hata baada ya kukata simu alikuwa bado hajanyooka.