Ngurumo na Wimbo wa Mkiani

Wateja walimwita Ngurumo, na si kwa sababu ya sauti yake, maana alisema kwa upole kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Jina lilitokana na spika mbili zilizokaa juu ya kioo cha kinyozi huyo, ambazo tangu anafungua duka mpaka anafunga hazikumjua mwanamuziki mwingine ila mmoja: mpiga gitaa la roki ambaye wapenzi wake walimwita Kipara. Fundi viatu wa mlango wa pili hakuchoka kumtania kwa hilo. Kinyozi mwenye akili zake, alisema, angemshangilia mtu mwenye nywele.

Ngurumo alikuwa amezipanga nyimbo zote za Kipara kwa ubora, na mpangilio wake ulijulikana mtaani kama ligi. Ya kwanza ilikuwa "Injini". Ya pili "Paa la Bati", na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa kuwa fundi viatu aliapa kwamba aliyeiweka ya pili ana nta masikioni. Mkiani kabisa, chini hata ya zile ambazo Kipara alizirekodi akiwa na mafua, ilikaa "Nisubiri Langoni", ya gitaa moja na pumzi tu. Kipimo cha Ngurumo kilikuwa mwili. Wimbo unaokuacha umetulia, alisema, huo ni dawa ya usingizi. Ndiyo maana "Injini" haikupigwa kamwe akiwa ameshika wembe. Ngoma zikiingia, mguu wake wa kulia ulikwenda wenyewe, bega likaufuata mguu, na mteja mwenye povu kidevuni hakutaka kujua bega lingefuatwa na nini.

Kisha vidole vikaanza kufa ganzi. Kilipomdondoka kitana alicheka, akasingizia sabuni. Ulipodondoka mkasi hakucheka. Siku wembe ulipoteleza ukachana sikio la mteja, alifunga duka mchana kweupe, akaenda nyumbani kumwambia mkewe kwamba mkono wa kulia haumtii tena. Kilichokuwa moyoni hakukitamka. Baba yake mdogo alianza hivyohivyo, kwa kudondosha kijiko, na walipomchunguza wakakuta uvimbe kichwani. Hakumaliza mwaka.

Hospitali wakaagiza apigwe picha ya kichwa na shingo katika ile mashine kama bomba, ambamo mtu huingizwa amelala chali. Kwenye benchi la kusubiria, mkewe aliukamata ule mkono mbovu, akawa anauminyaminya kidole kimoja kimoja. Ngurumo alikuwa akitokwa na jasho la baridi. Sindano hazikumtisha, wala damu. Alitishwa na kufungiwa, na zaidi ya hapo na kile ambacho picha ingeonyesha. Akawa anaomba zamu yake ifike, na papo hapo anaomba isifike.

Mpiga picha, binti mwenye sauti ya kuchoka, akamweleza kwamba asitikisike hata kidogo. Mashine ina kelele, kwa hiyo atamvika spika za masikioni; achague wimbo wowote.

Mtu mwingine angesema weka uupendao. Lakini kumuuliza Ngurumo wimbo ni kumuuliza heshima yake. "Injini," akajibu, na akajiaminisha kwamba zile ngoma zingeifukuza hofu.

Zikaifukuza kweli. Kitanda kilipoteleza ndani na paa jeupe la bomba likamkaribia pua, alifumba macho. Ngoma zikaingia, hofu ikarudi nyuma, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akajisikia mzima. Mguu ukaenda. Bega likaufuata.

Binti akamtoa. "Baba, ulikuwa unacheza humo ndani?"

"Sikucheza. Ni mguu tu."

"Huo mguu umevuruga picha zote. Nakurudisha mara moja tena. Ukitikisika, utaanza foleni upya, na foleni ni ya miezi."

Miezi. Akamwona baba mdogo na kijiko chake. Akataka kusema basi, awekewe "Paa la Bati", walau ile ina utulivu pale mwanzoni. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamuwahi.

"Mwekee 'Nisubiri Langoni'," akamwambia binti.

"Mama watoto, ile?"

"Ileile. Unataka kupona au unataka kutetea ligi?"

Safari hii hakukuwa na ngoma za kujificha nyuma yake. Gitaa lilipiga noti moja, likanyamaza, na katika ule ukimya mashine ikagonga kama mtu anayebomoa ukuta. Hofu ilikuja yote, ikamkalia kifuani. Hakuwa na la kuifanya. Akalala nayo. Akaisikia pumzi ya Kipara ikitetemeka kabla ya kila neno, kitu ambacho dukani hakuwahi kukisikia kwa sababu aliuruka wimbo huo kila ulipoanza. Akagundua kwamba huyo bwana naye anaogopa kitu, ingawa Ngurumo hakujua ni nini. Machozi yakamtiririka mpaka masikioni. Hakutikisika.

Walipoitwa kwa daktari wa upasuaji, Ngurumo alitazama sakafu. Daktari akasema kichwani hakuna uvimbe, na mkewe akajifunika uso kwa mtandio. Lakini shingoni kuna mshipa wa fahamu uliobanwa, pengine kwa miaka ya kuinamia vichwa vya watu. Dawa yake ni kupasua shingo kuufungua. Mara nyingi mkono hurudi, ingawa hatoi ahadi. Ukiachwa hivyo, mkono utakufa kabisa.

Hofu iliyokuwa imeanza kumtoka ikageuza njia, ikarudi. Shingo. Yeye aliyapitisha makali shingoni mwa watu maisha yake yote. Alijua kilichopo pale, na jinsi kilivyo karibu na ngozi.

"Daktari," akasema, "niwie radhi. Naomba uniwekee mkono wako hapa mezani, unyooshe vidole."

Mkewe akamkanyaga mguu. Daktari akasita, kisha akaunyoosha mkono. Ngurumo akauinamia, akatafuta mtetemo kwa muda mrefu, kidole baada ya kidole, jinsi alivyoutafuta kwa vijana waliokuja kuomba kazi ya wembe. Mkono haukutikisika.

"Nipangie siku," akasema.