Mtaro wa Shangazi Mwanakombo

Nakumbuka Ijumaa moja kule Munje, mwanangu, ambayo hunirudia kila mtu anaponiita nimfungie mtandao. Umeniuliza utaufikishaje mtandao hadi jikoni na vyumba vya uani bila kasi kupotea njiani. Nitakujibu, ila kaa kwanza. Wewe na wenzako wa Ukunda mmeshaanza kuniita mzee kwa ajili ya hizi mvi chache, basi na maneno ya kizee myavumilie.

Wakati huo nilikuwa kijana, nafunga mitandao katika nyumba za wageni za Diani, na maringo nilikuwa nayo tele. Mume wa shangazi yangu Mwanakombo akafariki. Binti yao wa pekee, Mwanasha, alikuwa Maskati akifanya kazi za nyumbani, na hakuweza kuja kumzika baba yake. Nafasi ya kupiga simu ya kuonana uso kwa uso alikuwa nayo Ijumaa tu, alasiri, na hata hiyo ilikuwa fupi.

Shangazi alikuwa amekaa eda katika chumba cha uani, chumba ambacho marehemu alimjengea kwa mikono yake, kuta nene za mawe ya matumbawe. Nyumba kubwa ya mbele ilikuwa na mtandao mzuri, ruta ikiwa sebuleni, lakini huko kulijaa wanaume waliokuja kuhani msiba. Mwanamke aliye katika eda hawezi kwenda kukaa katikati yao na simu mkononi. Na nyuma kule, simu ilikuwa haikamati kitu. Nikaitwa mimi, mtoto wa kaka yake, nimfikishie mtandao alipo.

Nilijua vyema kinachotakiwa. Ni waya utoke kwenye ruta, upite chini ya ardhi, uende mpaka chumbani kwake. Lakini uani kulikuwa na mikeka, masufuria makubwa ya wali, na kina mama wamekaa huku wanafuta machozi. Niliona haya, mwanangu. Ningewaambia nini, inukeni nichimbe? Nikachukua kile kidude cha kudaka mtandao na kuurusha mbele, nikakitundika ukutani jikoni, katikati ya nyumba kubwa na chumba cha shangazi. Nikaitazama simu yake, vimistari vimejaa vyote. Nikamwambia mambo tayari, vimistari vikijaa hivi atamuona mwanawe, nikaenda kula wali.

Ijumaa ikafika. Mwanasha alipopiga, nilikuwa nimekaa kizingitini kwa shangazi. Uso wake ulitokea mara moja, ukaganda, mdomo wazi. Sauti ikaja vipande vipande, kisha ikanyamaza. Akapiga tena, ikawa vilevile. Baada ya hapo simu haikuita tena, na sote wawili tulijua kwamba nafasi yake imekwisha. Shangazi aliiweka simu kifuani.

"Baba," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu utotoni, "uliniambia vimistari vikijaa nitamuona mwanangu. Vimejaa. Mbona simuoni?"

Nikamweleza. Kidude kile kinasikiliza kutoka kwa ruta na kusema na simu kwa mdomo uleule mmoja. Kikisikiliza hakisemi, kikisema hakisikilizi, kwa hiyo kasi inapungua hata nusu. Ongeza na zile kuta nene. Vimistari vilikuwa vinaonyesha tu kwamba kidude kiko karibu. Havikuonyesha kile ambacho kidude chenyewe kimepata kutoka mbele.

"Na dawa yake hukuijua?"

"Naijua, shangazi. Ni kuchimba mtaro, nipitishe waya. Niliona haya. Msiba ungali mbichi, watu wamekaa."

Aliniangalia bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mume wangu juzi amechimbiwa kaburi, baba, na hakuna aliyeona haya. Sasa mwanangu yu hai, nataka kumuona, ndipo jembe limekuwa zito?"

Nilitoka nikawasalimu kina mama shikamoo mmoja mmoja, nikawaeleza ninachotaka kufanya na ni kwa ajili ya nani. Waliinuka hata kabla sijamaliza. Mikeka wakaikunja wenyewe, masufuria wakayasogeza, na mama mmoja mnene akanipokonya jembe akisema nachimba kama mtu anayeogopa kuiamsha ardhi. Tulicheka, mwanangu, tukacheka katika nyumba ya msiba, na shangazi alicheka kule ndani tukamsikia. Tukalaza paipu, waya ukapita ndani yake, mbali na nyaya za umeme. Mwisho wake nikafunga ruta ya pili chumbani kwa shangazi, nikaipa jina na neno la siri lilelile la nyumba kubwa.

Ijumaa iliyofuata Mwanasha alionekana mpaka jasho la puani. Waliangaliana kwanza. Kisha akasema, "Mama, umekonda." Shangazi akamwambia yeye ndiye aliyekonda. Halafu binti akaomba kitu kimoja, aonyeshwe kofia ya baba yake. Ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari wake, nyuma ya mlango. Shangazi aliinuka, akaielekeza simu pale msumarini, na mkono wake ukatulia. Nilitoka nikaurudisha mlango taratibu.

Basi jibu la swali lako ndilo hili. Peleka waya mpaka mlango wa mwisho, hewani ubakishe zile hatua chache za ndani ya chumba. Kidude cha kurusha kiache kwa yule asiye na pa kuchimba kabisa. Usimwamini mtu wa sebuleni akikwambia mtandao uko sawa, nenda kasimame uani kwa aliye mbali kuliko wote, umuulize anataka kumuona nani. Na ukiona haya, waeleze watu, watakusaidia kukunja mikeka.

Nenda kwa amani, mwanangu. Mola akupe afya ya mikono na ulimi wa adabu, akufungulie milango ya riziki, ya karibu na ya mbali. Na ikiwa riziki yako itakupeleka mbali nasi, akujaalie mama yako akuone uso wote, bila kuganda.