Moto wa Amuron

Protus alikuwa mkalimani wa mahakama ya Busia, na alijivunia jambo moja: kinywa chake hakikutia chumvi. Kizungu kikiingia, Kiswahili kinatoka, basi. Wenzake walimtania kwamba hata akishtakiwa yeye, angejitafsiria hukumu bila kupepesa jicho.

Siku moja mwaka wa sabini na nne alisimama mbele yake Amuron wa Amagoro, akiomba kuachana na mumewe, Omagor. Akishinda, angerudi kwa mama yake pamoja na bintiye. Akishindwa, angerudi jikoni kwa Omagor.

Hakimu, mtu mpole, aliuliza kwa Kizungu kama mume huyo alikuwa *cruel*.

"Mama, bwana yako ni katili?" akauliza Protus, kama alivyowauliza wanawake wengi kabla yake.

Amuron alishtuka. Miaka ile, pale mpakani, neno hilo lilikuwa na wenyewe. Wakimbizi walivuka Malaba kutoka Uganda na kusimulia mambo yaliyowafanya watu waache chakula mezani. Hao walioyatenda ndio walioitwa makatili.

"Hapana," akasema. "Omagor hajaua mtu."

Protus akafungua kinywa atafsiri, kesi iishe. Akakifunga. Ni wangapi waliojibu hivyo hivyo, naye akawarudisha kwa waume zao kwa Kizungu safi? Roho ilimuuma.

"Mheshimiwa," akasema, "neno nililompa ni zito kuliko lako. Niruhusu nimuulize tu anatendewa nini."

Hakimu akaitikia kwa kichwa.

"Anamwaga maji kwa moto yangu," akasema Amuron. "Kila jioni, nikitaka kusonga ugali. Na kwetu, moto ya mama ikizimwa na maji, jirani hawezi kukupa kaa ya kuwasha. Wanajua umefukuzwa. Mtoto analala njaa. Bwana yeye anakula kwa mama yake, halafu anakuja kutuangalia."

Protus alitafsiri neno kwa neno. Hakimu akaweka kalamu chini, akamuuliza Protus kama hilo, kwa watu wa hapo, ndilo neno lile, *cruel*.

"Ndilo," akasema Protus. Hakuwahi kusema lake mwenyewe mle ndani.

Amuron alishinda. Nje, binti akiwa mgongoni, alimwomba Protus amtajie lile neno la Kizungu. Akalirudia polepole mpaka likamkaa mdomoni.

"Mama ataniuliza nimetoka kwa bwana kwa nini," akasema. "Miaka yote nilifikiria haina jina."