Mpangaji wa Kwanza wa Ghorofa

Kila asubuhi nikienda kazini napitia katikati ya mji wetu wa Tabora, panapojengwa ghorofa refu, nachungulia kwenye tundu la uzio wa mabati. Jumanne tulikuwa watu kama kumi hapo, tunatafuna karanga. Kule chini kwenye shimo la msingi, sururu ikagonga kitu. Ilikuwa mifupa ya mtu, na shanga bado ziko shingoni.

Mchimbaji, mtu mzima wa Kwihara, alivua kofia ngumu, akachuchumaa, akaiambia ile mifupa, “Shikamoo.”

Msimamizi akaja mbio. “Toka hapo! Gari la zege limeshafika, na zege halilali.”

“Bosi, huyu ni mtu. Tumtoe kwanza, tukamzike.”

“Huyo ni wa enzi za misafara ya pembe na watumwa. Nani atamlilia?”

Akapunga mkono, zege likamwagwa. Mchimbaji alisimama ukingoni, kofia kifuani, mpaka shanga zikapotea.

Jamani, jengo halijafika hata usawa wa barabara, na mpangaji wa kwanza ameshaingia. Sisi majirani zake tulimwangalia akifungiwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeacha kutafuna.