Kadi ya Tano

Kazini walimwita Kadi Tano, naye jina hilo alilivaa kama cheo. Alikuwa mtafiti wa kisukari katika ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vitabu, na kila utafiti uliotoka aliugawa katika kadi tano za mtandaoni. Ya kwanza ilibeba habari yenyewe kwa herufi nene, pembeni picha yake na koti jeupe. Zilizofuata zilieleza nani walichunguzwa, kwa muda gani, na kipi hakijulikani bado. Ya tano ilikuwa onyo, na hiyo aliisoma mara tatu kabla ya kuirusha. Mwanamke makini kweli kweli, tena alijijua.

Kadi zake za kutembea baada ya kula zilipofikisha watazamaji elfu arobaini, mkuu wake alileta keki. Kipande kilikuwa bado mkononi dada yake alipompigia simu.

"Mama kaanguka jikoni. Sukari imepanda mpaka mashine haisomi. Njoo haraka!"

Alifika hospitali. Mama alikuwa ametundikiwa maji, midomo imemkauka, ila macho yake yalikuwa wazi.

"Mama, dawa unakunywa?"

"Nimeacha, wiki ya tatu sasa. Si ulisema kutembea kunashusha sukari? Natembea robo saa kila nikila, sikosi hata siku moja." Akamwonyesha mkoba kwa kidevu. "Fungua uone."

Ndani mlikuwa na kadi ya kwanza, imechapishwa kwa rangi na kuvikwa plastiki. Kadi Tano alijiona anatabasamu pale na koti lake jeupe.

"Na ya tano, Mama? Nimeandika kabisa, usiache dawa bila kumuuliza daktari wako!"

"Ya tano ipi tena? Mwanangu, wewe ukishasema, nisome ya nini zaidi?"

Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akafungua takwimu za kadi moja moja. Ya kwanza, elfu arobaini. Ya tano, mia tatu na kumi. Hesabu hizo zilikuwepo siku zote, bonyezo moja tu chini ya ile jumla iliyoletewa keki, na mtu anayelipwa kusoma takwimu hakuwahi kuzitazama.

"Usinune," Mama akamfariji. "Wenzangu wa kikundi chetu cha wenye sukari wamefurahi sana. Nimewatolea nakala wote, kumi na wanane."

Dada akabaki na Mama. Kadi Tano akaandika majina kumi na manane kwenye kiganja na karatasi ya dawa, akatoka mbio.

Wa kwanza alikuwa mama wa saluni. Kadi ilikuwa imebandikwa juu ya kioo, wateja waione vizuri.

"Shikamoo, mama. Dawa zako za sukari ziko wapi?"

"Marahaba, daktari wetu! Umenikuta ndiyo kwanza natoka kutembea." Alikuwa anahema kwa furaha. "Dawa? Nilimpa fundi viatu wa hapo nje. Juzi alilalamika kizunguzungu, nikajua sukari hiyo, na yeye kutembea hapendi."

Kadi Tano akatazama kiganja chake. Fundi viatu hakuwemo kwenye orodha, na kiti chake pale nje kilikuwa kitupu.